Nyumba ya Pakanga: Miaka 70 ya Akademia ya Tiba ya Kichina

Desemba 2025 Akademia ya Sayansi ya Tiba ya Kichina, yenye makao yake Dongzhimen, jijini Beijing, ilitimiza miaka 70. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia jina hilo. Lakini mtu yeyote aliyepimwa malaria zahanati, akakutwa na vimelea, akakabidhiwa pakti ya dawa ya mseto na kuambiwa anywe vidonge vinne vinne asubuhi na jioni kwa siku tatu, amekwisha kuonja kazi ya taasisi hiyo. Kwa hiyo sherehe ni yao, ila habari inatuhusu.

Taasisi yenyewe ilizaliwa katika ugomvi. Serikali iliyoingia madarakani China mwaka 1949 ilirithi nchi kubwa yenye madaktari wachache wa kisasa na waganga wa jadi kila kijiji. Wakuu wa Wizara ya Afya, wengi wao wakiwa wamesomea udaktari wa Kizungu, waliwaona waganga hao kuwa masalia ya zama za giza. Walitaka kwanza wapelekwe darasani, kisha wafanyiwe mitihani ya mambo ambayo hawakupata kuyafundishwa, na hatimaye wapungue wenyewe. Mnamo mwaka 1954 upepo ukageuka. Mao Zedong alisema wazi kwamba kuidharau tiba ya jadi ni kuwadharau mamilioni wanaoitegemea, na katika sokomoko lililofuata manaibu waziri wawili, He Cheng na Wang Bin, wakapoteza vyeo vyao. Akademia ikafunguliwa tarehe 19 Desemba 1955, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaiandikia maneno ya pongezi kwa mkono wake.

Tusidanganyane: sababu zilikuwa za kisiasa. Hata hivyo, siasa hiyo ilizaa mpangilio ambao haukuwa wa kawaida popote duniani wakati ule. Wazee wa tiba waliitwa kutoka mikoani, akiwemo Pu Fuzhou wa Sichuan, bingwa wa kutibu homa. Wakawekwa chini ya paa moja na vijana waliotoka vyuo vikuu na digrii za udaktari na famasia. Vijana wakaamriwa wawasikilize wazee. Wazee nao wakajikuta wanaulizwa maswali ambayo hawakuzoea kuulizwa: kiasi gani, sehemu ipi ya mmea, na umejuaje?

Mmoja wa vijana hao alikuwa Tu Youyou, mzaliwa wa Ningbo, aliyehitimu famasia Beijing mwaka huohuo wa 1955. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuchunguza mmea wa lobelia uliotumiwa na waganga dhidi ya kichocho. Kati ya 1959 na 1962 alipelekwa kwenye kozi ya miaka miwili na nusu ya tiba ya Kichina, iliyoandaliwa kwa watu wa fani za kisasa. Huko alijifunza kusoma vitabu vya kale, na pia jinsi wauza dawa wa Beijing wanavyoandaa mitishamba: kukaanga, kuanika, kuchovya kwenye pombe au siki, kutia asali. Aliambulia jambo ambalo mkemia wa kawaida hulipuuza, kwamba mmea mmoja ukiandaliwa kwa njia mbili tofauti unaweza kuwa dawa mbili tofauti, au usiwe dawa kabisa.

Miaka kumi ya kwanza ya akademia haina mengi ya kusimulia. Hospitali zake mbili, Xiyuan na Guang'anmen, zilitibu watu, vitabu vilichapishwa, waganga wakafundishwa. Kilichoifanya taasisi hii ijulikane nje ya China ni vita ya watu wengine.

Katika misitu ya Vietnam askari wengi wa pande zote walikuwa wakianguka kwa malaria, na vimelea vya huko vilikuwa vimekwisha kuzoea klorokwini. Serikali ya Hanoi iliomba msaada Beijing. Tarehe 23 Mei 1967 ukaitishwa mkutano wa siri, na kutokana na tarehe hiyo, mwezi wa 5 siku ya 23, kazi ikaitwa Mradi 523. Zaidi ya watafiti 500 kutoka taasisi zipatazo 60 waliingizwa humo. Wakati huohuo Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yanaipasua nchi: vyuo vimefungwa, maprofesa wanalima mpunga, maabara zina kufuli. Mradi 523 ulisalimika kwa sababu ulikuwa amri ya jeshi. Nje ya mwavuli huo, sidhani kama kuna mtafiti wa Beijing ambaye angeruhusiwa kukaa na panya wake kwa utulivu mwaka 1969.

Wajumbe wa mradi walifika Dongzhimen Januari 1969. Kundi lililopewa mitishamba lilikuwa limekwama, nao walitaka mtu anayejua maabara na vitabu vya kale kwa pamoja. Wazee walikuwa wamesukumwa pembeni na wanamapinduzi, na Tu Youyou, mwenye umri wa miaka 38, ndiye aliyebaki anayefaa. Mumewe, mhandisi wa metali, alikuwa amepelekwa kufanya kazi za mikono mashambani. Binti yao mkubwa akaachwa kwenye chekechea ya bweni, mdogo akapelekwa kwa bibi yake Ningbo, na mama akaenda kisiwani Hainan kuwaona wagonjwa wa malaria kwa macho yake.

Alianza kwa kukusanya. Kwa miezi mitatu yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale, barua za wananchi zilizotumwa akademia miaka yote hiyo, na kumbukumbu za waganga waliokuwa hai. Walipata maelekezo zaidi ya 2,000. Kati ya hayo walichambua 640 na kuyachapa kwenye kijitabu kilichosambazwa ndani ya mradi mwezi Aprili 1969. Kisha wakaanza kuyapima moja moja kwenye panya walioambukizwa malaria, dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200.

Hapo ndipo ninapoiona sifa ya kwanza ya taasisi hii, na si ile inayosemwa kwenye hotuba. Nyumba iliyojengwa ili kuienzi tiba ya jadi ilikubali kuiona ikianguka mtihani mara mia. Mfano mzuri ni pilipili manga. Dondoo lake lilizuia vimelea vya panya kwa zaidi ya asilimia 80, wakashangilia, wakaipeleka kwa wagonjwa. Homa ilipoa kidogo lakini vimelea vikabaki palepale. Ikaachwa. Mmea wa changshan, ambao Wachina waliujua kwa karne nyingi kuwa unaua malaria kweli, ulimtapisha mgonjwa hadi akatamani arudishiwe homa yake. Qinghao, mmoja wa jamii ya pakanga, nao uliwahi kupimwa mwaka 1970 na Yu Yagang, mwenzake Tu, ukazuia vimelea kwa asilimia 68. Uliporudiwa ulishuka hadi 40, mara nyingine 12. Ukawekwa kando.

Mwaka 1971 Tu aliurudia, safari hii akitafuta sababu ya matokeo kuyumbayumba. Alirejea kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alichokiandika kwa ajili ya dharura, mtu awe nacho mkononi asipokuwa na mganga karibu. Ge Hong aliagiza qinghao iloweshwe majini, ikamuliwe, na mgonjwa anywe maji yake yote. Hakutaja moto, na hilo si jambo dogo. Dawa za Kichina huchemshwa, sawa na sisi tunavyouchemsha mwarobaini mpaka sufuria nzima iwe ya kijani. Mtu anapoandika dawa bila kuichemsha, ama amesahau ama ana sababu.

Tu alichukulia kuwa kuna sababu, yaani joto linaharibu kitu. Akaacha maji yanayochemka na spiriti ya moto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu. Akatumia majani peke yake, akaacha mashina. Kisha akaligawa dondoo sehemu mbili kwa kuondoa zile chembechembe za asidi zilizokuwa na sumu na zisizotibu, akabakiza sehemu isiyo asidi wala alkali. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilipimwa kwenye panya. Vimelea vyote viliisha. Walipoirudia ikatoa matokeo yaleyale, na kwa nyani pia.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kana kwamba kitabu cha miaka 1,600 kilifunguliwa na dawa ikadondoka. Kitabu kilisaidia, hakuna ubishi. Lakini hakikusema etha, hakikusema majani peke yake, hakikutenganisha sumu na dawa. Hata mmea wenyewe ulihitaji kazi, kwa sababu katika vitabu vya kale jina hilohilo lilibeba zaidi ya spishi moja, na iliyo na dawa ni Artemisia annua. Mimea iliyoota kando ya Beijing ilikuwa na dawa kidogo mno, ile ya Sichuan na Yunnan ikaonekana kuwa na nyingi zaidi. Mganga aliyechuma mmea usio sahihi, au sahihi kwa msimu usio wake, alimpa mgonjwa majani ya uchungu tu.

Ilipokuja haja ya dondoo jingi kwa ajili ya wagonjwa, viwanda vya dawa vilikuwa vimefungwa. Wafanyakazi wa taasisi wakanunua mitungi mikubwa ya udongo ya kuhifadhia maji ya nyumbani, wakaijaza majani na etha, na kazi ikafanyika humo. Chumba hakikuwa na mfumo wa kuvuta hewa. Mvuke wa etha ulijaa hadi koridoni, na kinga waliyokuwa nayo ni barakoa za shashi. Watu wakapata kizunguzungu, pua zikatoka damu, ngozi zikavimba. Tu mwenyewe aliugua ini.

Kisha kukatokea ubishi wa sumu. Baadhi ya wanyama waliopewa dondoo walionyesha dalili zenye shaka, wataalamu wakagawanyika, na msimu wa malaria Hainan ulikuwa unakaribia kupita. Kusubiri kungegharimu mwaka mzima. Mwezi Julai 1972 Tu na wenzake wawili walilazwa katika Hospitali ya Dongzhimen na kunywa dawa wao wenyewe, huku wakipimwa moyo, ini na figo. Hawakudhurika. Wengine watano wakafuata kwa dozi kubwa zaidi. Hapo ndipo wakaenda Hainan, wakatibu wagonjwa 21, na vimelea vikatoweka kwenye damu. Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingewazuia mlangoni, na ingekuwa na haki.

Tarehe 8 Novemba 1972, mkemia wa timu hiyo, Zhong Yurong, alipata fuwele nyeupe kutoka kwenye dondoo. Hiyo ndiyo artemisinini, ambayo Wachina huiita qinghaosu. Mambo hayakunyooka papo hapo. Vidonge vya kwanza vilivyopelekwa Hainan mwaka 1973 vilishindwa kuponya wagonjwa kadhaa, na Beijing ikaingiwa na hofu kwamba fuwele si dawa. Walipovichunguza waligundua kuwa vilikuwa vigumu kama kokoto na havikuyeyuka tumboni. Wakaijaza dawa ileile kwenye kapsuli, ikafanya kazi.

Akademia ikiachiwa isimulie yenyewe, habari huelekea kuishia hapo. Haifai iishie hapo. Wakati timu ya Beijing inahangaika na vidonge vyake, watafiti wa Shandong na wa Yunnan, waliosikia habari za qinghao ndani ya mtandao wa Mradi 523, walitoa fuwele zao wenyewe. Luo Zeyuan wa Yunnan alizipata haraka kwa sababu mmea aliokuwa nao ulikuwa tajiri. Fuwele hizo za Yunnan ndizo Li Guoqiao wa Guangzhou alizowapa wagonjwa mahututi mpakani mwa nchi mwaka 1974, wengine wakiwa wamepoteza fahamu kwa malaria iliyopanda kichwani, hali ambayo vijijini kwetu mtoto akiipata huambiwa ana degedege. Huyu Li ni mtu ambaye hapo awali alijichoma damu yenye vimelea ili aone kama akupancha inatibu malaria. Alipoona haitibu, alisema haitibu. Akaigeukia qinghao bila upendeleo wowote, na ndiye aliyeonyesha kuwa dawa hii inaua vimelea upesi kuliko kwinini.

Umbo la molekuli lilitafutwa pamoja na Taasisi ya Kemia Ogania ya Shanghai na wenzao wa Taasisi ya Baiofizikia ya Beijing, na likathibitishwa mwishoni mwa 1975. Wanakemia walishangaa. Kwinini na klorokwini zina naitrojeni ndani yake, na iliaminika kuwa dawa ya malaria haiwezi kuwa dawa bila hiyo. Artemisinini haina hata chembe. Ina kaboni 15, haidrojeni 22 na oksijeni 5, na mbili kati ya hizo oksijeni zimeshikana kufanya daraja ambalo kwa kanuni za kemia lilipaswa kuvunjika lenyewe. Daraja hilo ndilo dawa. Kimelea hula damu, na damu ina madini ya chuma. Chuma kikikutana na daraja, linavunjika na kutoa chembe kali zinazomchoma kimelea kutoka ndani.

Mwaka 1977 umbo hilo lilichapishwa kwenye jarida la Kichina, na badala ya majina ya watu likawekwa jina la kikundi cha ushirikiano. Mwaka 1979 ikafuata taarifa ya Kiingereza kuhusu wagonjwa 2,099, nayo haina jina la mtu. Tuzo ya uvumbuzi ya taifa ya mwaka huo ilitolewa kwa taasisi sita kwa pamoja, Dongzhimen ikiwa moja. Hakuna aliyechukua hataza, maana China haikuwa na sheria ya hataza hadi mwaka 1984. Kwa kuchapisha umbo, nchi ilitoa siri yake kwa dunia bure. Kampuni ya Uswisi, ambayo leo ni Novartis, ndiyo iliyokuja baadaye kuingia mkataba na Wachina na kuuza mseto ulimwenguni. Wapo Beijing wanaolaumu hilo mpaka leo. Kwa upande wetu, tuliokuwa tunazika watoto, lawama hiyo ni ngumu kuipokea.

Mseto wenyewe haukutoka Dongzhimen moja kwa moja. Tu alibadili artemisinini kuwa aina yenye nguvu zaidi mwaka 1973. Kutokana na mlango huo, Li Ying wa Shanghai akatengeneza artemetha, na Liu Xu wa Guilin akatengeneza artesuneti inayoyeyuka kwenye maji na kwa hiyo inafaa kwa sindano. Lumefantrini ilitoka akademia ya tiba ya jeshi, kwenye tawi lile la Mradi 523 lililoshughulika na kemikali za kubuni. Zhou Yiqing wa jeshi ndiye aliyeziunganisha. Sababu ya kuziunganisha ni rahisi: artemetha hupiga haraka lakini mwilini haikai, baada ya saa chache imekwisha; lumefantrini hupiga taratibu ila hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki. Ndiyo maana mgonjwa hujisikia mzima siku ya pili na bado anatakiwa ameze vidonge vilivyobaki.

Afrika Mashariki ilichelewa kuipata. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, dawa iliyokuwa imewawasha ngozi vizazi viwili na ambayo haikuwa inatibu tena, ikahamia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Nayo ikaanza kushindwa karibu mara tu ilipoingia. Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mseto unazishinda dawa za zamani ulitoka Muheza, Tanga. Theonest Mutabingwa na wenzake walitoa taarifa mwaka 2005 kuhusu watoto wadogo 1,811 waliopewa dawa nne tofauti. Kufikia siku ya 14 vimelea vilikuwa vimerudi au vimebaki kwa asilimia 42 ya waliopewa amodiakwini peke yake. Kwa waliopewa mseto wa artemetha na lumefantrini ilikuwa asilimia 1.4. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia na mseto wake wa artesuneti na amodiakwini tangu 2003, na ikichanganya na vyandarua, malaria ya visiwani ikashuka chini ya asilimia moja. Kenya ikaanza kutoa mseto mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo.

Sindano ndiyo iliyochukua muda zaidi. Kwa malaria kali, hospitali zetu ziliendelea na dripu ya kwinini, yenye kuvumisha masikio na kushusha sukari, hadi utafiti mkubwa wa AQUAMAT ulipochapishwa mwaka 2010. Watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Muheza, Korogwe, Kilifi na Mbarara, waligawanywa kati ya kwinini na artesuneti. Vifo vilikuwa asilimia 10.9 upande wa kwinini na 8.5 upande wa artesuneti. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi, ikizidishwa kwa wodi zote za watoto za bara hili, ni umati wa watu. Kiwanda kilichopata kibali cha kimataifa cha kutengeneza sindano hiyo mwaka huo kiko Guilin, mji uleule wa Liu Xu.

Huko Komoro, Li Guoqiao na wenzake wa Guangzhou walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 waliwapa dawa wakazi wa kisiwa cha Mwali, wagonjwa na wazima, kisha baadaye Nzwani na Ngazidja, ili kuondoa vimelea kwenye damu za watu wote kwa mpigo. Malaria ilianguka vibaya. Baada ya miaka ikaanza kurudi, kwa kuwa mbu hakuondoka na mashua hazikuacha kusafiri.

Tarehe 5 Oktoba 2015 Tu Youyou alitangazwa kushinda nusu ya Tuzo ya Nobeli ya tiba. Alikuwa na umri wa miaka 84, hakuwa na shahada ya uzamivu, hakusoma nje, na mara kadhaa alikuwa amenyimwa uanachama wa akademia kuu za sayansi za nchi yake. Furaha ilikuwa kubwa Dongzhimen, na kinyongo kilikuwa kikubwa Yunnan na Shandong. Kamati ya Nobeli ilipoulizwa kama imeituza tiba ya jadi, ilijibu kwamba la, imemtuza mtafiti aliyechochewa na tiba ya jadi akatoa dawa ya kisasa. Yeye katika hotuba yake Stockholm akaiita artemisinini zawadi ya tiba ya Kichina kwa dunia. Kauli hizo mbili hazipatani kabisa, na nadhani kamati iko karibu zaidi na ukweli. Lakini isingekuwa na cha kutuza kama pasingekuwa na nyumba iliyohifadhi vitabu na wazee kwa wakati ambapo wizara ilitaka kuwatupa.

Swali linalobaki baada ya maadhimisho ya miaka 70 ni kwa nini artemisinini haijapata mdogo wake. Akademia leo ina taasisi na hospitali nyingi, fedha nyingi, na tangu 2005 ina neno sayansi kwenye jina lake. Dawa zake nyingine zinauzwa China kwa wingi. Ila zilizopitia mtihani kama wa namba 191 na wa wodi ya Muheza, zikatoka na alama ileile, hazipo. Jibu la kweli halipendezi: mimea mingi haina dawa hiyo, na ulinzi wa kisiasa ulioisaidia tiba ya jadi mwaka 1955 umeifanya ikwepe mitihani miaka ya baadaye.

Kwetu tatizo ni la upande mwingine. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya zile fuwele za kwanza, kikapandishwa kuwa taasisi kamili 1991. Wataalamu hawakukosekana. Kilichokosekana ni kijitabu kama kile cha maelekezo 640. Ge Hong alitaja mmea, kipimo na namna ya kuandaa, na miaka 1,600 baadaye mtu akausoma mstari huo. Mganga wa Usambara anayejua jambo kama hilo analibeba kichwani, anamrithisha mtoto mmoja, na mtoto huyo yuko Dar es Salaam anaendesha bodaboda.

Kutoka kwenye sifa za artemisinini limezuka pia balaa dogo: chai ya majani yake. Inauzwa kwenye masoko na kusifiwa kwenye simu, na mwaka 2020, wakati wa korona, Madagascar ilipotangaza kinywaji chake chenye artemisia, Tanzania ilituma ndege kukifuata. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Kikombe cha chai hutoa kiasi kidogo kisichotabirika, mara nyingi cha kuwasumbua vimelea bila kuwaua, na kimelea aliyesumbuliwa bila kufa ndiye anayejifunza. Shirika la Afya Duniani limeshauri chai hiyo isitumiwe kwa malaria, na sababu inaanzia kwenye etha ya mwaka 1971.

Kimelea ameanza kujifunza hata bila chai. Usugu uligundulika magharibi mwa Kambodia karibu mwaka 2008, na kwa muda tukajipa moyo kuwa ni mbali. Kisha mabadiliko ya jeni yanayoambatana nao yakaonekana Rwanda, kaskazini mwa Uganda, na Karagwe mkoani Kagera. Mseto bado unaponya wengi, ila dawa inachukua muda mrefu zaidi kuwamaliza vimelea kuliko zamani. Mwezi Novemba 2025, mwezi mmoja kabla ya akademia kutimiza miaka 70, yalitangazwa matokeo ya dawa mpya inayotarajiwa kurithi kazi hiyo, iliyojaribiwa Afrika na kuponya zaidi ya asilimia 97 ya wagonjwa. Nusu yake ni ganaplasidi, iliyopatikana kwa mashine zilizopekua hazina kubwa ya kemikali za kiwandani. Nusu ya pili ni lumefantrini ileile ya Mradi 523. Mpaka itakapofika zahanati, tuliyo nayo ni hii ya pakanga: vidonge 24 kwa mtu mzima, vimezwe na chakula chenye mafuta au maziwa, na vimezwe vyote.